Egemeo la Migongo Miwili

Kijana wa bodaboda aliyenipandisha Vudee mwezi uliopita alikuwa amefunga egemeo nyuma ya mgongo wake, kati yake na mimi. Lilikuwa jeusi, lina nyota mbili za rangi ya dhahabu, na kabla hatujaiacha lami ya Same nilikuwa nimeshajua kwamba halitamaliza mwaka. Nililibonyeza kwa kidole gumba. Sponji ikazama na haikurudi. Nikalishika kwa pembeni nikalitikisa, nati ikalia. "Mzee, usiogope, tutafika," akasema kijana, akidhani natetemeka. Kweli nilikuwa natetemeka, lakini hapo nilikuwa nafanya ukaguzi. Nikamuuliza kama linamsaidia. "Linasaidia sana, mzee wangu. Ukishinda juu ya pikipiki kutwa nzima, kiuno kinakufa ganzi. Ila abiria wananinunia. Wanasema linawagonga kifuani kwenye mteremko." Nikacheka hadi akapunguza mwendo na kugeuka kuniangalia, huenda akijiuliza amembeba mtu wa namna gani. Sikuweza kumweleza. Ningeanzia wapi? Kwamba kosa hilohilo tulilifanya sisi, katika mji huohuo, wakati mama yake bado anacheza kombolela, na kwamba ninakokwenda ndiko anakokaa mwanamke tuliyemtengenezea?

Nilikuwa nakwenda kwenye shukrani ya Sista Nakijwa. Hakuwa mtawa, Sista ndivyo tulivyowaita wauguzi. Alikuwa mkunga wa zahanati ya kanisa huko juu tangu akiwa msichana, na sasa wale aliowapokea walipotoka matumboni mwa mama zao, wengine wao tayari wana mvi, walikuwa wamechangishana mbuzi na keki ili wamshukuru Mungu pamoja naye kwa umri aliofikia. Mwaliko ulinifikia kwa simu na mara moja nikaanza kuhangaika: nivae nini, nipeleke nini, atanikumbuka au nitasimama mlangoni nikijieleza kama mgeni. Umri haujaniponya. Nilivyokuwa nikihangaika mwaka ule ndivyo ninavyohangaika leo, tofauti ni kwamba sasa ninapumzika katikati.

Mwaka ninaousema ni ule ambao sukari, iliyokuwa imeadimika, ilirudi madukani. Ilirudi kimyakimya, kama mume aliyeondoka kwa ugomvi na sasa anaingia kwa mlango wa uani, na watu wakawa hawajui wamshangilie au wamkaripie. Sabuni zenye harufu zikaonekana madukani. Mitumba ikamwagwa chini kwenye gulio, na mtu uliyemzoea kwa shati moja la viraka akakutokea amevaa koti la theluji katika jua la Same. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, uhandisi wa mitambo, nikaangukia katika kipindi ambacho serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, wala hakuna aliyekuwa ametuambia tufanye nini badala yake. Nikaja kukaa kwa Shangazi. Nyumba yake ilikuwa na sebule ya sakafu ya saruji, iliyosuguliwa hadi ikang'aa, na chumba cha nyuma chenye kitanda cha kamba ambacho wengi wetu tunakijua kwa jina la teremka tukaze, maana kamba zikilegea unateremka, mnazikaza, unapanda tena. Mchana tulikula makande. Shangazi aliyapika asubuhi, akayaacha juu ya mafiga yajimalize yenyewe, na upepo wa Same, ambao hauna adabu na huingia nyumba yoyote bila hodi, ulibeba harufu yake hadi barabarani.

Harufu hiyo ndiyo iliyomvuta Sista Nakijwa kila aliposhuka kuchukua dawa na chanjo. Walikuwa marafiki wa tangu usichana. Aliegesha pikipiki ya zahanati chini ya kivuli cha ukuta, akavua kofia ngumu, akaingia jikoni moja kwa moja, nami nikiwa sebuleni nilisikia kila kitu, maana ukuta ule haukufika darini. Siku moja nikamsikia akiomba kigoda chake kiwekwe ukutani, apate pa kuegemea. Kisha sauti yake, ya chini kuliko kawaida. "Daktari amenigundua. Juzi nimeshuka kwenye pikipiki mbele yake, nikashindwa kunyooka. Anasema mvua za masika zikianza nihamie huku chini, nikae mezani."

"Si afadhali?" akasema Shangazi. "Upumzike."

"Na kule juu nani atapanda? Wenzangu wanaogopa hata kuitazama ile barabara. Pikipiki itapelekwa kwingine na zahanati itafungwa. Watu wa Vudee watashuka na wagonjwa mabegani, kama zamani." "Mgongo huu ningeweza kuubadilisha na wa mbuzi, ningeubadilisha leo."

Mpaka leo sijui ni nini kilichoniinua. Mimi niliyekuwa nikifikiria mara tatu kabla ya kubisha hodi, nilitembea hadi mlango wa jikoni nikasema, "Shikamoo Sista. Tatizo si mgongo. Tatizo ni kiti." Wakanitazama wote wawili, mwiko wa Shangazi ukiwa hewani. Ilikuwa sentensi ya kwanza kuitamka kwa uhakika tangu nivue joho la mahafali, na nilipoimaliza tu nikaanza kuitilia shaka.

"Marahaba, mwanangu," akasema Sista Nakijwa. "Haya, kaa ule, kisha uniambie kiti kimefanya nini."

Nilimweleza kwamba pikipiki ile ilitengenezwa kwa mtu anayekwenda mwendo mfupi kwenye njia nzuri. Kwamba saa zote anazopanda mlima mgongo wake unajishikilia wenyewe, hauna mwenzake. Anahitaji egemeo. Na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa vitu kurudi, tukaamini kila kitu kipo dukani. Kweli lilikuwepo, kwenye duka la vipuri karibu na stendi, limetundikwa juu kama saa ya ukutani, jekundu, lenye chuma kinachong'aa hadi unajiona meno. Mwenye duka alilifuta vumbi kwa kiwiko akasema limetoka nje. Neno "nje" wakati ule lilitosha, hatukuuliza zaidi. Tukalifunga, Sista akaliegemea pale dukani akafumba macho kwa raha, akasema anajisikia kama yuko kwenye gari la mbunge. Akapanda nalo mlimani asubuhi. Aliporudi wiki iliyofuata lilikuwa limevunjika shingoni, naye alikuwa amelibeba mgongoni kwa kanga, kama mtoto. "Limelala," akamwambia Shangazi. "Usilipigie kelele."

Hapo ndipo nilipompata Athumani. Alikuwa fundi wa kuchomelea, ametoka Kigoma akiwa kijana kuja kukata mkonge, na mkonge ulipomchosha akajifunza moto na chuma. Sijawahi kukutana na mtu aliyejisifu kwa furaha kama yeye. Aliniita Injinia, kwa sauti ambayo ungeweza kuichukua kuwa heshima au kejeli, nami nilizunguka na swali hilo siku nyingi. "Injinia, niachie mimi," akasema. "Mimi nikichomelea kitu, mwenye nacho anakufa, kinarithiwa." Akatengeneza egemeo la bomba la maji, nguzo mbili, moja kila upande wa kiti, zimeshikwa kwenye fremu kwa bolti nene kama vidole vyake, na fito za chuma katikati. Akalipiga teke. Akaniambia nilipige teke, nikalipiga, nikachechemea. "Hili hata treni ikiligonga," akasema, "tutaihurumia treni."

Sista Nakijwa alikwenda nalo na kurudi nalo, zima, halina hata mkwaruzo. Mikwaruzo alikuwa nayo yeye. Alisimama mlangoni mwa karakana akiwa ameshika kiuno. "Baba Athumani," akasema, "umenitengenezea lango la gereza. Kila jiwe la barabara ile limeniuliza kosa langu."

"Lakini limevunjika?" akauliza Athumani.

"Halijavunjika."

"Basi," akasema, akajifuta mikono, kama mtu aliyeshinda kesi.

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti sebuleni na chaki. Nilichora mgongo wa Sista kutoka kila upande, nikachora mlima, nikachora jiwe na nguvu inayotoka kwenye jiwe kupanda hadi uti wa mgongo. La kwanza lilikuwa laini, halikudumu. La pili lilidumu, halikukalika. Nilihesabu sponji, nikaona itanywa maji na kuoza. Nilihesabu springi, nikaona zitamrusha Sista kwenye mgomba wa mtu. Sakafu ilijaa. Shangazi alipita katikati ya hesabu zangu na ungo wa unga, akiinua gauni lake kama anavuka mto. "Mwanangu," akasema, "huyu mwanamke unayemchora ana mifupa mingi kuliko Nakijwa." Kisha, bila kugeuka, "Nenda kajinyooshe. Na kitanda chako kimelegea, baadaye tukikaze."

Nilikwenda nikajitupa kitandani, nacho kikanipokea. Nasema kikanipokea kwa sababu ndilo neno. Kamba ziliingia ndani kidogo pale nilipokuwa mzito, zikanishika pale nilipokuwa mwepesi, na kitanda kizima kikalia taratibu kama kinachonijua. Kitanda kile kilikuwa kizee kuliko mimi. Hakikuwahi kuvunjika kwa sababu hakikushindana na mtu. Kililegea, kikakazwa, kikaendelea. Niliruka nikatoka na miguu mitupu hadi karakana.

"Teremka tukaze," nikamwambia Athumani, nikihema.

"Nani ateremke?"

Nikamweleza. Tuondoe fito za chuma, tusuke. Kamba ya mkonge ingeoza kwa mvua ya kule juu, kwa hiyo tukachukua tyubu za lori zilizochoka, tukazikata vipande virefu, tukavisuka kwenye zile nguzo zake mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Vikilegea unafungua fundo la pembeni, unavuta, unafunga. Athumani alisuka akiimba, na tulipomaliza akasimama mbali kidogo, akainamisha kichwa. "Hili wazo nilikuwa nalo siku nyingi," akasema. "Nilikuwa nangoja ulione mwenyewe." Tukalijaribu palepale. Mimi nikakaa, yeye na wenzake wawili wakaitikisa pikipiki kwa nguvu kadiri walivyoweza, kila mmoja akiigiza sehemu ya barabara anayoijua, na mimi katikati nikirukaruka nikicheka kama sijawahi kuwa na wasiwasi maishani. Kisha Sista Nakijwa akapanda. Aliegemea, akavuta pumzi, akaiachia. Kisha akaomba ufunguo.

Ninapofikiri sasa, kosa tulilofanya ni la kuchekesha kwa sababu wote wanne tulilijua jibu lake siku zote. Katika milima ya Upare hakuna pikipiki inayopanda na mtu mmoja. Haiwezekani. Barabara hiyo inalimwa na wote. Ikibomoka, baragumu hulia na watu hutoka na majembe kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, na wanaotoka wengi ni akina mama. Sasa mama aliyeibeba barabara ile kwa karai kichwani, ukimkuta njiani na mzigo, utampitaje kwa pikipiki ukimwachia vumbi? Humpiti. Na sisi tulikuwa tumejenga ukuta katikati ya kiti. Tulimfikiria Sista kana kwamba anasafiri peke yake duniani.

Siku ya kwanza tu, pale barabara inapoanza kuinuka, alimkuta Bibi Namkunda, abiria wake wa siku nyingi, amesimama na furushi lake, ananyoosha mkono kama kawaida. Mwenyewe Sista ndiye aliyetusimulia, jikoni, na makande yakipoa. Bibi alijaribu kupanda, magoti yakagonga chuma. Akajaribu kukaa upande, akateleza. Sista akasema, "Bibi, nisamehe, nitakurudia." Bibi akalizunguka egemeo, akalitazama, akaligusa. "Mbona hili lina sura mbili?" akauliza. Akapandisha kanga, akageuka, akakaa kinyumenyume, mgongo wake dhidi ya mgongo wa Sista, mpira ukiwa katikati, furushi mapajani. "Twende," akasema. "Ninakokwenda napajua, sina haja ya kupatazama."

Shangazi alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Athumani aliposikia, hakucheka. Alichukua chuma akaongeza mahali pa kukanyagia kwa nyuma, kisha akawa anamwambia kila mteja kwamba egemeo lake ni la migongo miwili na lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi nililala na swali kama ni salama, na ili kulimaliza nikaomba nipande mwenyewe, kinyumenyume, hadi Vudee. Naikumbuka safari ile kwa masikio na mgongo. Upepo ulileta maneno ya Sista moja kwa moja sikioni, nami nilihisi kicheko chake kikipita kwenye mpira kabla sijakisikia. Alinipikia ndizi na maharage, akanipa maziwa mgando kwenye kibuyu, akaniuliza kama ni raha. Nikasema ni raha sana. Sikumwambia kwamba kutoka kona ya kwanza hadi uani kwake nilikuwa nimefumba macho.

Mvua zikaanza, na Daktari akaja. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenyeji wa Mwanga, aliyesimamia zahanati zote za kanisa upande ule, na alikuwa amekuja kumshusha Sista. Hakuwa mbaya, alikuwa ameziona karatasi za mgongo wake. "Nionyeshe," akasema. "Tupande wote. Ukishuka umepinda, unahama. Ukishuka umenyooka, tutazungumza." Mimi na Athumani tulitangulia alfajiri kwa lori la mbao, tukangoja uwanjani mwa zahanati, katika ukungu na baridi, Athumani akiwa amejifunga gunia mabegani. Yeye alikuwa na uhakika kabisa. Mimi nilikuwa nimeshafikiria bolti kukatika, mpira kuchanika, Daktari kubiringika hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Ndungu.

Tuliisikia pikipiki kabla ya kuiona. Ikaibuka kwenye ukungu, Sista amekaa wima, ameegemea, uso umelowa. Alipogeuza uwanjani ndipo tukaona uso wa Daktari, umetuelekea sasa, na suruali yake ina matope hadi magotini. Sista akashuka. Akasimama. Akanyooka kama mlingoti wa shule. Athumani akanikanyaga mguu kwa furaha. Lakini Daktari hakumtazama mgongo. Hakushuka hata. Alibaki amekaa kinyumenyume, ananyoosha kidole kwenye njia tuliyopanda wote.

"Sista," akasema, "unawajua hawa?"

Ukungu ulikuwa unafunguka, na barabarani walikuwa wanakuja watu. Akina mama na watoto mgongoni, mzee na fimbo, msichana mjamzito na mama mkwe wake, wanatoka kwenye migomba kila upande, wanafunga kanga wakitembea. "Tangu kule chini," akasema Daktari. "Pikipiki ikipita mlango unafunguka. Ikipita, mwingine unafunguka. Wanakusalimia, wewe umeshapita, nimejibu mimi. Nimejibu salamu hadi sauti imekauka."

Sista Nakijwa aligeuka akawatazama kwa muda. "Mimi huwakuta foleni nikifungua mlango," akasema. "Sikujua kwamba wanatoka hivyo. Mimi natazama mbele, nisianguke."

Daktari akashuka taratibu, akalipapasa egemeo, akavuta mpira mmoja ukarudi mahali pake. "Pikipiki inabaki," akasema. "Na aliyekaa juu yake." Kisha akamuuliza Athumani kama anaweza kutengeneza mengine kwa zahanati nyingine, na Athumani akasema, Mheshimiwa, tangu nimezaliwa sijafanya kingine. Mwaka ule tuliyatengeneza. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza, kufunga maegemeo kwenye milima yote hii. Na nilipoondoka Same baadaye kwenda kwenye viwanda na maofisi, kila nilichochora nilikiuliza maswali mawili: kitakazwaje kikilegea, na nani amekaa upande wa pili.

Kwenye shukrani nilimkuta Sista kibarazani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na hangaiko langu lote lilikwisha aliposema, kabla sijafika ngazini, "Injinia wa chaki." Alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao lililofungwa egemeo katikati. Lilikuwa lilelile. Bomba lilikuwa limeshika kutu kwenye maungio, mpira mmoja ulikuwa mpya, mingine ileile ya malori ya mwaka ule. Athumani alishatangulia mbele ya haki, na chuma chake, kama alivyosema, kiko njiani kurithiwa. "Kaa," akasema. Nikakaa upande wa pili, mgongo kwa mgongo, sahani ya pilau mapajani, watu wakipita wakitucheka.

"Ile siku ulifumba macho," akasema nyuma yangu.

"Nani alikuambia?"

"Nilisikia salamu za watu wa njiani hazijibiwi." Na kicheko chake kikanifika mgongoni kwanza, kikapita kwenye mpira, kisha masikioni.

Jioni haijaingia, nilimwomba kijana wa bodaboda alifungue lile egemeo lake la nyota ili nikae kinyumenyume. "Mzee, utaanguka," akasema. Nikamwambia napajua ninakokwenda. Akalifungua kwa mkono mmoja, halikuhitaji spana, nami nikamwegemea mgongoni tukaanza kushuka. Sista Nakijwa alisimama kwenye ngazi, ameinua mkono. Kisha milango ikaanza kufunguka. Walitoka kwenye migomba, watoto kwa wakubwa, wakimwona mzee anayeondoka huku amewatazama, wakapunga, wakapaza sauti, na safari hii nilizijibu zote.